VITABU VISIVYO NA KURASA

Kitabu ni kitu cha heshima. Mwenye nyumba hukiweka mahali pazuri, wala hakitupi ovyo hata kikichakaa. Pengine kwa sababu hiyo mafundi wa nchi nyingi wametengeneza vyombo vya kila siku kwa umbo la kitabu.

Huko Uingereza, mnamo mwaka 1900, kiwanda cha Huntley & Palmers cha mji wa Reading kiliuza biskuti katika mkebe uliofanana na vitabu vinane vilivyofungwa pamoja kwa ukanda. Biskuti zilipokwisha, mkebe ulifaa kutiliwa nyuzi, sindano au barua.

Katika Marekani, miaka ya 1920, benki kadha wa kadha ziliwapa watu visanduku vya akiba vyenye umbo la kitabu. Mtu alitumbukiza sarafu tunduni, lakini ufunguo ulikaa benki. Hakuweza kuzitoa mpaka apeleke kisanduku kwa karani, kifunguliwe, na fedha ziandikwe katika hesabu yake. Hivyo mwenye mkono mwepesi alikingwa na mkono wake mwenyewe.

Vitu vya namna hii vimekusanywa kwa miaka mingi na Bibi Mindell Dubansky, aliyefanya kazi ya kuhifadhi vitabu katika jumba la Metropolitan Museum of Art, New York. Cha kwanza kumvuta moyo kilikuwa kitabu kidogo kilichochongwa kwa makaa ya mawe, alichokiona katika soko la vitu vikuukuu. Kilikuwa ukumbusho wa kijana aliyefariki. Tangu hapo alikusanya mamia ya vitu: taa, redio, chupa, viberiti na visanduku vya siri. Mwaka 2016 vilionyeshwa katika Grolier Club, chama cha wapenda vitabu cha mji huo.

Pengine mtu atauliza, mkebe mkuukuu wafaa nini? Vitabu vya kweli vina maktaba za kuvitunza. Mkebe ukishika kutu hutupwa, na habari za watu walioutumia hupotea pamoja nao. Kijana yule aliachiwa ukumbusho mdogo. Aliyempenda alichukua kipande cha makaa, akamchongea kitabu. Na kama kisingaliokotwa sokoni, pengine asingalikuwako wa kumkumbuka leo. Yafaa basi kuvitazama vyombo vya wazee mara ya pili kabla ya kuvitupa jaani.