Donge la damu pengoni: usilitoe!

Mgonjwa huingia ameshika shavu, akiomba dawa ya kutia sikioni kwa kuwa hajalala siku mbili. Nikimwuliza kama aling'olewa jino hivi karibuni, hujibu, "Ndiyo, daktari, juzi. Lakini hilo lilikwisha." Nikimulika kinywani naona shimo tupu, na mfupa mweupe chini yake. Sikio lake halina kasoro yoyote.

Jino linapong'olewa, damu hujaa katika shimo lililoachwa tayani na kuganda. Wengi hulidhani donge hilo kuwa uchafu, wakalisukutua au kulichokora kwa kijiti. Kumbe ndilo linalofunika mfupa na mishipa ya fahamu hadi nyama mpya iote. Likitoka mapema, maumivu makali huanza kati ya siku ya kwanza na ya tatu, yakapanda hadi sikioni, na kinywa kikanuka. Maumivu ya kawaida hupungua kila siku, haya huzidi. Huwapata watu wawili hadi watano katika kila mia, na zaidi wanaong'olewa magego ya mwisho ya chini.

Basi, ukitoka kwa daktari wa meno, iume ile pamba kwa nusu saa hadi saa moja bila kuitoa kila mara kutazama. Kwa saa 24 usisukutue wala usiteme mate kwa nguvu, hata yakiwa na wekundu kidogo. Usinywe soda kwa mrija, kwani kule kufyonza hung'oa donge. Kunywa uji vuguvugu na kutafuna upande wa pili.

Sigara ndiyo adui mkubwa. Iache kwa siku tatu angalau, na miraa pia iweke kando. (Najua wengine mtanilaumu kwa hili la miraa, lakini vijiti na majani hukwama papo hapo kidondani.) Wanawake wanaotumia tembe za kupanga uzazi wamweleze daktari mapema, kwani huongeza hatari kidogo, wasiziache kwa hiari yao.

Siku ya pili, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji vuguvugu, uinamishe kichwa huku na huku, kisha uyaache maji yadondoke yenyewe. Kamwe usiweke aspirini juu ya ufizi; huunguza nyama.

Maumivu yakizidi, usikimbilie duka la dawa kununua viuavijasumu, kwani havitayaondoa. Rudi kwa aliyekung'oa. Ataliosha shimo na kuweka dawa ya kutuliza, na mara nyingi utapata nafuu siku hiyo hiyo.

Lakini ukiwa na homa, uvimbe unaoshuka shingoni, shida ya kufungua kinywa, kumeza au kupumua, au damu isiyokatika baada ya kuuma pamba kwa saa nzima, nenda hospitali hata kama ni usiku wa manane.