Kikosi cha Farasi na Neno Tengatenga

Mwanafunzi wetu mmoja anayetoka Kabuta, ufukweni mwa Ziwa Mweru wilayani Nchelenge, aliuliza darasani: ikiwa Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na vikosi vya wapanda farasi katika sehemu zetu, mbona kwao neno lililobaki ni tengatenga? Swali hilo lajibika kwa kukifuata kikosi kimoja tangu kilipoanza.

Kikosi chenyewe ni East African Mounted Rifles, kilichoundwa Nairobi mwezi Agosti 1914. Askari wake walikuwa walowezi wa Kizungu waliojitolea. Wengi walifika na farasi au baghala wao wenyewe, na wengine na bunduki za kuwindia. Kundi moja liliitwa Bowker's Horse kwa jina la kiongozi wake, na jingine Monica's Own, kwa heshima ya binti wa Gavana Belfield. Ungedhani wanakwenda mashindanoni.

Tarehe 3 Novemba 1914 walipigana Longido, upande wa Wajerumani, katika Tanzania ya leo. Mlima haukutekwa; maji yalikuwa haba, na Waingereza wakarudi nyuma. Baada ya hapo kikosi kilipungua kidogo kidogo. Wengine waliondoka kuwa maofisa wa King's African Rifles, wengine waliangushwa na malaria na kuhara damu.

Farasi nao walikuwa na adui wao, mbung'o. Mwaka 1916 Jenerali Smuts alileta wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, na Van Deventer akaiteka Kondoa Irangi mwezi Aprili. Lakini wanyama walikufa kwa maelfu, na mizigo ikahamia vichwani mwa watu.

Upande wa Mweru hali ilikuwa ngumu zaidi. Kabla ya vita serikali ya Kampuni ilikuwa imekwisha kuwahamisha watu wa kandokando ya Luapula na ziwa kwa sababu ya malale. Chakula cha majeshi yaliyokuwa mpakani, upande wa Abercorn (sasa Mbala), kilipitishwa kwa mitumbwi katika mabwawa ya Bangweulu na kwa miguu ya wapagazi. Hao ndio tengatenga. Wajerumani walisalimu amri hapo Abercorn tarehe 25 Novemba 1918.

Sasa neno. Katika Kinyanja kutenga ni kuchukua. Mwanafunzi wa Kiswahili asilichanganye na kutenga kwetu, yaani kuweka kando. Kurudiwa kwa shina kunaonyesha kazi isiyokoma, kama tunavyosema pigapiga. Pwani na bara walipata njia nyingine: Carrier Corps ikatamkwa Kariakoo, nayo ikawa mtaa wa Dar es Salaam, Nairobi ikawa Kariokor. Hesabu za serikali ya Kiingereza zinataja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa.

Anayetafuta mada ya tasnifu akusanye majina ya wapagazi katika lugha za ukanda huu, akianzia Nchelenge.