Kushusha pumzi kwa kipimo: kifaa gani kinafaa Kisii na Nyamira?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mashamba ya chai ya Kebirigo na Nyansiongo huwa bado yamefunikwa na ukungu. Mchuma chai aliyetangulia jua ana vidole baridi vilivyolowa umande, na utomvu wa majani umevitia weusi usiotoka kwa sabuni ya siku moja. Mwingizie kidole kimoja kwenye oksimita, kile kibanio kidogo cha plastiki tulichokizoea wakati wa korona, na huenda kioo kikatoa vistari tu badala ya nambari. Mpe kikombe cha chai moto akishike dakika tatu, afute vidole, kisha jaribu tena. Sasa nambari zinajitokeza.

Kifaa hakikuwa kibovu. Kwenye baridi, mishipa midogo ya vidole hujibana ili joto libaki kifuani na tumboni, na oksimita inayotegemea damu inayopita kidoleni ikakosa cha kusoma. Hofu nayo hufanya vivyo hivyo: mtu akishtuka, vidole hupoa. Tangu gharama ya maisha ianze kutunyima usingizi, watu wengi wameniuliza wanunue kifaa gani cha kuwasaidia kutulia, na karibu wote huanza na bei au na tangazo waliloliona kwenye simu. Mimi ningeanza na kidole hiki, kwa sababu kinaonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba mwili huandika hali ya moyo wetu mahali panapoweza kupimwa, na kwamba kipimo kinaweza kusoma baridi ya Nyamira kikadhani ni wasiwasi.

Njia ya kuusoma mwili hivi na kujifunza kuutuliza, wataalamu huiita bayofidibaki, yaani mrejesho wa mwili. Unapimwa jambo ambalo kwa kawaida hulioni, kama kasi ya mapigo, joto la vidole, jasho la kiganja au mkazo wa misuli ya paji la uso. Kipimo kinakuja mbele ya macho yako papo hapo, nawe unajifunza kukibadilisha. Watafiti wa fani hii waliunda chama chao Marekani mwaka 1969. Tangu wakati huo vifaa vimetoka kwenye maabara, vikaingia hospitalini, na sasa viko mfukoni.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio hili. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uusikie mshipa. Vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi. Baada ya raundi nne au tano wengi husikia mapigo yakiharakisha kidogo pumzi inapoingia na kulegea inapotoka. Inayofanya hivyo ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Ukitoa pumzi, inakaza breki za moyo, ukivuta, inaziachia. Lugha yetu ililijua hili kabla ya maabara. Pumzi, pumua na pumzika ni watoto wa tumbo moja, na aliyepata habari njema tunasema ameshusha pumzi.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akishuka hadi karibu mara sita, yaani sekunde kumi kwa kila pumzi, kupanda na kushuka kwa mapigo huwa kukubwa kuliko kwa mwendo mwingine wowote. Sababu iko kwenye vihisi vya shinikizo vilivyo katika kuta za mishipa mikubwa ya shingoni na karibu na moyo. Shinikizo la damu likipanda, vinaujulisha ubongo, ubongo unapunguza mapigo, shinikizo linashuka, na mzunguko huo mzima huchukua takriban sekunde kumi. Ukipumua kwa mwendo uleule, unakuwa kama anayemsukuma mtoto kwenye bembea kwa wakati wake: msukumo mdogo, mwendo mkubwa. Kila mtu ana mwendo wake, kati ya pumzi nne na nusu na sita na nusu kwa dakika, na kumtafutia mtu mwendo huo ndiyo kazi hasa ya vifaa vya mapigo.

Mwaka 2001 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi wa Italia na wenzake. Watu 23 walisali rozari kwa Kilatini, nusu ya sala ikisemwa na mmoja na nusu ikiitikiwa, na pumzi zao zikashuka zenyewe hadi karibu sita kwa dakika. Mantra ya yoga ilifanya vivyo hivyo. Huku kwetu, tangu wamisionari Wakatoliki wafike Nyabururu mwaka 1911 na Waadventista Nyanchwa muda mfupi baadaye, sala ya kupokezana na nyimbo za kwaya zimekuwa sehemu ya jioni za nyumba nyingi. Mwimbaji anayeushikilia mstari mrefu kwa pumzi moja anafanya zoezi lile lile la kutoa pumzi polepole. Wewe unayesali rozari, chukua saa ya ukutani uhesabu: Salamu Maria moja inakuchukua sekunde ngapi, nawe unavuta pumzi wapi? Huo tayari ni mrejesho wa mwili, tena wa bure.

Sasa tuje kwenye vifaa. Swali la kwanza la kuuliza dukani ni hili: kifaa hiki kinanijibu ndani ya pumzi ileile, au baadaye? Mashine ya presha, kwa mfano, ni muhimu sana, na imekaribia nyumba zetu tangu Septemba 2023 serikali ilipozindua wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii na kuwapa mikoba yenye mashine hizo. Lakini inatoa jibu moja kwa kila kubana mkono, na anayejipima mara kumi mfululizo hupandisha hofu badala ya kuishusha. Itumie kujua presha yako, baada ya kukaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea na miguu iko chini. Isiwe kifaa cha mazoezi.

Oksimita ndiyo ya bei nafuu na ndiyo ninayoulizwa zaidi. Ina nambari mbili, na watu wengi wa wasiwasi huitazama ile isiyofaa. Ya oksijeni haina kazi katika zoezi la kutulia. Tazama ya mapigo, ukijua kwamba ni wastani wa mapigo kadhaa na hivyo huja ikiwa imechelewa kidogo. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Nyamira vinapita mita 2,000. Huku juu mtu mzima mwenye afya anaweza kusoma 95 au 96 mahali ambapo wa Mombasa angesoma 98, wala si ugonjwa. Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan. Walionyesha kwamba oksimita iliwakosea wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe, ikisema oksijeni inatosha ilhali damu ilikuwa na upungufu. Kwa hiyo mtu anayehangaika kupumua asizuiwe nyumbani na nambari nzuri. Rangi ya kucha na hina pia huisumbua.

Hata hivyo kuna wakati nambari ile ya oksijeni hufundisha. Mtu aliyeshikwa na hofu ya ghafla hutweta akiamini hewa imekwisha, midomo inakufa ganzi, vidole vinawasha. Mara nyingi oksimita humwonyesha 97 au 98. Hewa haijapungua, kilichopungua ni kaboni dioksidi, ambayo ameitoa kupita kiasi kwa kupumua haraka, na upungufu huo ndio unaoleta ganzi na kizunguzungu. Daktari akishamhakikishia kwamba moyo na mapafu ni salama, kuiona nambari hiyo kwa macho yake kunaweza kumtuliza kuliko maneno kumi ya kumwambia atulie.

Simu nayo ni kifaa. Zipo programu zinazotumia kamera na taa yake: unafunika vyote viwili kwa ncha ya kidole, na wekundu unaozidi na kupungua unahesabiwa kuwa mapigo. Ukiwa umekaa kimya, bila kubonyeza kwa nguvu, inafaa. Ukitembea, haifai. Soma masharti kabla ya kuruhusu programu ichukue orodha ya majina iliyo kwenye simu yako na mahali ulipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinapelekwa wapi, na mapigo ya moyo ni habari za afya.

Saa janja za mkononi hupendeza, ila nyingi hutoa wastani wa sekunde nyingi, na ile alama ya "msongo" ni hesabu ya mtengenezaji iliyotokana na mapigo. Kahawa, homa, kupanda mlima wa Manga au furaha ya harusi vinaweza kuipandisha. Mkanda wa kifuani, kama ule wa kampuni ya Polar ya Finland, husoma umeme wenyewe wa moyo. Rangi ya ngozi haiusumbui, na huonyesha kila pigo peke yake. Unaulowesha kwa maji kidogo kabla ya kuuvaa. Ni ghali, na ningemshauri kuununua mtu aliyeshikilia mazoezi kwa miezi miwili tayari. Vifaa vya jasho la kiganja havimfai mwenye sugu za jembe au chai, maana ngozi nene hupitisha umeme vibaya. Mkanda wa kichwani wa kusoma mawimbi ya ubongo ningeuacha dukani.

Kimebaki kimoja ninachokipenda kuliko vyote, nacho karibu hakitangazwi: joto la kidole. Sababu yangu ni maumivu ya kichwa. Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, wanajulikana katika maandiko ya tiba duniani kwa ababari, wapasuaji wa jadi waliofungua fuvu la mtu aliyeumwa kichwa kwa muda mrefu baada ya kupigwa au kuanguka, na madaktari wa karne ya 20 waliandika habari zao kwa mshangao. Jamii hii haikuwahi kuyadharau maumivu ya kichwa. Na kwenye maumivu ya kichwa bayofidibaki imejithibitisha vizuri. Uchambuzi wa Yvonne Nestoriuc na Alexandra Martin wa mwaka 2007 ulikusanya tafiti 55 kuhusu kipandauso na kukuta nafuu ya kweli. Moja ya njia zinazotumika ni ile ambayo Elmer Green na wenzake wa Menninger Foundation, mjini Topeka, Marekani, walianza kuwafundisha wagonjwa tangu miaka ya 1960: kupasha mikono joto kwa kujilegeza.

Kipimajoto cha homa hakikufai, maana vingi huandika "Lo" joto likiwa chini ya 32. Tafuta kipimajoto cha friji chenye waya mwembamba. Bandika ncha yake kwenye kidole kwa plasta, pasipo kukaza, ukae kwenye chumba chenye joto la kawaida. Acha nambari itulie, kisha pumua: hesabu nne kuvuta, sita kutoa. Ikianza 29 na baada ya dakika kumi ikafika 32, mishipa imefunguka. Ukiilazimisha ipande, itashuka. Wanafunzi wangu wa semina za afya hukasirika hapo kwanza, kisha wanaelewa, na hakuna mhadhara uliowahi kuwaeleza maana ya kulegea kwa uwazi kama nambari ile.

Je, bayofidibaki inafanya kazi kweli? Mwaka 2017 Goessl na wenzake walijumlisha tafiti 24 zenye watu 484 na kukuta mrejesho wa mapigo ukipunguza wasiwasi kwa kiwango kikubwa. Lakini mwaka 2023 Guy Fincham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex waliwagawa watu 400: nusu wakapumua mara tano na nusu kwa dakika, nusu mara 12, wote kwa utaratibu na bila kifaa cha mrejesho. Baada ya wiki nne hawakutofautiana. Mwaka huohuo utafiti wa Balban na wenzake ulionyesha kwamba dakika tano kwa siku za kushusha pumzi ndefu zilipandisha furaha kuliko kutafakari kimya. Ninavyosoma mimi, dakika zile za kila siku zina uzito kuliko nambari kamili, na kifaa kinachokufanya uzikumbuke kimefanya nusu ya kazi.

Kwa hiyo anza na saa ya ukutani wiki mbili, dakika tano asubuhi na tano usiku, ukipumua polepole bila kujaza kifua kupita kiasi. Ukisikia kizunguzungu, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida. Usijaribu ukiwa juu ya bodaboda. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, au anayemeza propranolol au atenolol, asiamini vipimo vya mapigo. Mwenye dawa za presha asiziache kwa sababu ya zoezi lolote.

Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au midomo kugeuka rangi si mambo ya kifaa. Nenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira, au kituo kilicho karibu nawe zaidi. Na ikiwa kinachokulemea ni huzuni au mawazo ya kujidhuru, piga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Simu hiyo hailipiwi.