Motere inachemka na kupoteza maji: tutafute chanzo mbele ya kununua piyesi



Wengi kati yetu, kiisha kupata kazi, kitu cha kwanza kikubwa tunachonunua ni motokari ya okazioni kutoka Japani, imekwisha kutembea miaka 15 ao 20 mbele itufikie. Wengine wameiweka kwenye taksi ili ilipe masomo ya wadogo wao. Ugonjwa unaoua motokari hizo mbele ya wakati, mara nyingi, siyo ajali. Ni joto. Inaanza na maji kidogo yanayopunguka kila asubuhi, shofere anaongeza bido moja, anasema « inakunywa tu maji, lakini inatembea ». Miezi miwili inapita, na siku moja kwenye mulima inakufa kabisa. Leo tueleze ugonjwa huo pole pole: motere inapozwa namna gani, inachemka ju ya nini, maji yanapita wapi, na kazi ianzie wapi.

1. Joto linaenda wapi?

Ukichoma esanse ao mazutu ndani ya motere, karibu sehemu moja tu kwa tatu ya nguvu ndiyo inasukuma magurudumu. Sehemu ingine inatoka na moshi, na ile inayobaki, karibu sehemu ya tatu, inaingia ndani ya chuma. Isipoondolewa, chuma kitapanuka, pistoni zitashikana na silinda, na habari imekwisha.

Maji ndiyo yanabeba joto hilo. Pompi inayasukuma ndani ya bloku na ndani ya kulasi, yaani kichwa cha motere. Yakiisha kushika joto, yanapita kwenye termostati, mlango mdogo unaofunguka peke yake karibu na digri 82 mpaka 88, yanaingia ndani ya radiateri, upepo unayapoza, yanarudi. Kila kitu kikiwa kizima, mushale wa tablo unasimama karibu na katikati na hausogei, hata ukipanda mulima.

Kuna kitu kidogo ambacho watu wengi wanakizarau: bushoni ya radiateri. Siyo kifuniko tu. Ina rasoro ndani inayozuia maji kwa presha, karibu bar 0.9 mpaka 1.1 kwa motokari nyingi. Kwetu kazi hiyo ina maana kubwa zaidi. Bukavu na Goma ziko karibu metre 1,500 juu ya bahari, na huku maji ya wazi yanachemka kwa digri 95 tu, siyo 100. Motere yenyewe, ikiwa na afya nzuri, inatembea kwa digri 90. Nafasi iliyobaki ni digri tano tu! Bushoni nzima inapeleka kiwango cha kuchemka mpaka karibu digri 115, ndiyo maana unaweza kupanda bila wasiwasi. Sasa waza yule aliyepoteza bushoni akafunga na sashe na kamba ya mupira. Motere yake haina ugonjwa wowote, lakini itachemka kila siku, na atalipa fundi afungue kulasi bure.

2. Uliza kwanza: inachemka wakati gani?

Fundi mzuri ni kama dokta: anauliza mbele ya kugusa. Na wewe mwenye motokari ndiye una majibu.

*Inachemka ukisimama, ikitembea inapoa.* Kosa ni upepo. Ukienda mbio, upepo wa barabara unafanya kazi. Ukifungiwa ndani ya ambutiyaji, vantilateri peke yake ndiyo inabakia. Acha motere kwa ralanti, angalia kama vantilateri inawaka mushale ukianza kupanda. Kama haiwaki, tafuta fizibo, rele, sonda, kiisha motere ndogo ya vantilateri yenyewe. Angalia tena kama udongo na wadudu havijaziba uso wa radiateri.

*Mjini inatembea vizuri, kwenye mulima inachemka.* Wanaotoka Uvira wanajua: katika bonde la Ruzizi kuna joto lakini barabara ni tambarare, kiisha Kamanyola unaanza kupanda Ngomo na mzigo, vitesi ya kwanza na ya pili, motere inalia na upepo ni kidogo. Pale kila uzaifu unaonekana. Mara nyingi ni radiateri iliyozibwa ndani na kutu, ao pompi ambayo mabawa yake yameliwa, ao mukanda unaoteleza. Pima hivi: motere ikiwa moto lakini imezimwa, pitisha mukono karibu na uso wa radiateri. Pahali penye baridi katikati ya moto, maji hayapiti pale.

*Inachemka dakika chache tu kiisha kuwasha.* Angalia kwanza kiasi cha maji. Kama yamejaa, shuku termostati iliyokwama imefungwa (tiyo ya juu iko moto sana, ya chini iko baridi), ao joweni ya kulasi iliyopasuka.

*Mushale uko juu, lakini shofaji inapuliza baridi.* Maji yamepunguka ao kuna hewa ndani. Simama mara moja.

3. Maji yanapita wapi?

Mfumo huu umefungwa. Maji hayanywewi na motere. Kama yanapunguka, kuna pahali yanatokea: inje ao ndani.

*Inje.* Usiku tandika katoni safi chini ya motere. Asubuhi doa litakuonyesha upande gani. Likidi ya radiateri ina rangi, ya kijani, nyekundu ao buluu, na harufu tamu-tamu. Maji safi yanayotona chini upande wa abiria wakati klima inafanya kazi, hayo ni ya kawaida, usiogope. Kiisha fungua kapo motere ikiwa baridi na fuata alama za chumvi nyeupe ao kijani zilizokauka. Angalia tiyo na kolie zake. Pahali plastiki ya radiateri inashikana na aluminiumu. Tundu dogo chini ya pompi, ambalo likianza kutoa maji linasema « joweni yangu ya ndani imekufa, nibadilishe ». Na zile pastiye za chuma kwenye ubavu wa bloku, zinazooza na kutu. Kapeti ikilowa miguuni na viyoo vikifunga ukungu wenye mafuta, ni radiateri ndogo ya shofaji.

Kama huoni kitu, garaji yenye vyombo ina pompi ya mukono inayofungwa pahali pa bushoni. Motere ikiwa baridi, wanaweka presha sawa na ile iliyoandikwa kwenye bushoni, wanangoja dakika 15. Mushale wa pompi ukishuka, maji yanatoka pahali. Kazi hiyo inaokoa feza nyingi kuliko kubahatisha.

*Ndani.* Hapa ndipo tunaogopa joweni ya kulasi, ile inayolala kati ya bloku na kulasi. Ikipasuka, maji na moto wa silinda vinakutana. Alama zake ni hizi: moshi mweupe mzito usioisha hata motere ikipata joto, mafuta ya motere yenye rangi ya kahawa ya maziwa, mapovu yasiyokoma ndani ya radiateri, tiyo ya juu inayokuwa ngumu kama mti dakika moja ao mbili kiisha kuwasha, mbele maji yapate joto. Kuna pia dawa ya buluu inayopitishiwa hewa ya radiateri. Ikigeuka manjano, moshi wa silinda umeingia ndani ya maji.

Lakini tusikimbilie hukumu. Moshi mweupe wa asubuhi unaoisha kiisha dakika chache ni mvuke tu. Povu kidogo chini ya bushoni ya mafuta, kwa motokari inayofanya safari fupi-fupi, inaweza kuwa unyevu tu. Usifungue kulasi kwa alama moja. Ngoja mbili ao tatu zikubaliane.

4. Ikichemka njiani

Zima klima, fungua shofaji yote hata kama mutatoka jasho, tafuta pahali pa usalama, simama, zima motere. Kama mvuke unatoka, usijikaze « tufike tu kwenye centre ». Kilometre mbili zinatosha kupinda kulasi ya aluminiumu.

Mutego mmoja: ukiona mushale ulikuwa juu, kiisha ukashuka gafla, usifurahi. Inaweza kuwa maji yameisha kabisa na sonda imebaki hewani, haipimi tena kitu. Motere inaungua na tablo inakudanganya.

Na sasa jambo linaloumiza watu kila mwaka. Usifungue bushoni motere ikiwa moto. Maji ya ndani yako juu ya digri 100 na presha ndiyo inayoyazuia yasichemke. Ukifungua, presha inaondoka, na yote yanalipuka mara moja kwenye uso na kifua. Mara nyingi anayeungua siyo mwenye motokari, ni konvoyeri, kijana aliyetumwa: « Petit, fungua pale, ongeza maji. » Tusiwatume. Ngoja angalau nusu saa, mpaka uweze kukamata tiyo ya juu kwa mukono na kuikamua bila kuungua. Kiisha weka kitambaa kinene, geuka uso, zungusha pole pole mpaka hatua ya kwanza, acha pumzi itoke, ndipo umalize.

Abiria watalalamika. Waeleze. Nusu saa ya kungoja ni kidogo kuliko siku tatu za garaji. Na usimwage maji baridi juu ya chuma kinachowaka: kulasi inaweza kupasuka. Ongeza kidogo kidogo.

5. Kutengeneza: toka kidogo kwenda kikubwa

Anza na vitu vya bei ndogo: bushoni, kolie, tiyo, mukanda. Termostati unaweza kuipima nyumbani: itundike na kamba ndani ya sufuria ya maji motoni, yakikaribia kuchemka inapashwa kufunguka mbele ya macho yako, na ikipoa ijifunge. Isipofanya, nunua mupya.

Mafundi wengi wanapenda kuitoa na kuitupa: « Kwetu hakuna baridi, ya nini? » Tukatae kwa heshima. Bila termostati motere inakawia kupata joto, inakula esanse zaidi na inajichakaza. Na kwa motere fulani, termostati ndiyo inaziba njia fupi ya maji. Ukiitoa, maji ya moto yanazunguka bila kupita radiateri, na motere inachemka zaidi! Vilevile kufunga vantilateri direkti kunaweza kukufikisha nyumbani, lakini si matengenezo. Na yai, unga wa pilipili ao dawa ya kuziba: vikifunga tundu moja, vinaweza kuziba pia njia nyembamba za radiateri na za shofaji.

Kama ni joweni ya kulasi, mambo matatu hayajadiliwi. Kwanza, kulasi ipimwe kama imenyooka, kwa reli iliyonyooka na vipande vyembamba vya kupimia. Kwa motere nyingi ndogo za esanse kikomo ni mm 0.05, chini ya unene wa unywele. Ikizidi, isawazishwe kwa mashini, siyo kwa jiwe na karatasi ya msasa. Pili, bulo zikazwe na ufunguo unaopima nguvu, kwa mpango, toka katikati kwenda pembeni, hatua kwa hatua; zile zinazovutika zibadilishwe. Tatu, chanzo cha kwanza kitafutwe. Joweni haikupasuka bila sababu. Kama ni radiateri iliyozibwa ndiyo iliiua, joweni mupya itakufa vilevile. Pale ndipo watu wanalipa mara mbili na kusema fundi ni muchawi.

Mwisho ni kujaza. Likidi halisi, nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi, yatajenga magamba ndani. Ukikosa kabisa, maji ya mvua yaliyochujwa ni afazali. Simamisha motokari uso ukiangalia juu ya mulima, fungua shofaji, jaza pole pole mpaka mapovu yaishe, acha motere ipate joto na termostati ifunguke. Ikiisha kupoa, ongeza tena. Hewa iliyobaki ndani inafanya motere ichemke kama vile hukutengeneza kitu.

6. Kazi ya dakika mbili

Kila asubuhi, motere ikiwa baridi, angalia kiasi cha maji katika bido ndogo ya pembeni. Weka alama na kalamu. Kikishuka chini ya alama mara mbili katika mwezi mmoja, usiongeze tu na kunyamaza: tafuta.

Tena, ndugu, tumueleze na shofere. Wengi wanaficha ju wanaogopa bosi atakata mushahara, na bosi anajua habari siku motere imekwisha kuungua. Ukimwambia « ukiona mushale unapanda, simama, nipigie, sitakukasirikia », umefunga bushoni bora kuliko zote. Motokari hiyo inalisha nyumba yako na yake pia.