Makaburi ya Tengeru na Mkataba wa Moscow



Sisi tuliokulia upande wa Arusha tunayafahamu yale makaburi ya Tengeru, jirani na Ziwa Duluti. Yako karibu mia na hamsini, yana misalaba na majina marefu ambayo hakuna mtoto aliyeweza kuyatamka. Wazee wetu walitwambia tu kwamba ni Wapoland, wakimbizi wa vita ya Hitler, na habari ikaishia hapo.

Miaka ya tisini nikiwa Uingereza, nahangaika na tasnifu, nilikutana na bibi mmoja wa Kipoland. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Arusha. Akanijibu kwa Kiswahili: "Mimi mtu wa Tengeru." Nikamwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba bila kusita. Ndipo nikamwuliza, kwa kujiamini kwa msomi, Hitler aliwafukuza kwao mwaka gani. Akatikisa kichwa. "Si Hitler, baba. Stalin."

Niliona aibu, nasema kweli. Nilikuwa nasomea udaktari wa historia!

Basi jambo lenyewe ni hili. Tangu Hitler ashike madaraka 1933, Berlin na Moscow walitukanana mchana na usiku. Halafu usiku wa kuamkia tarehe 24 Agosti 1939 Ribbentrop na Molotov wakatia saini mkataba wa kutoshambuliana kwa miaka 10, ukaandikwa tarehe 23. Picha zipo: Stalin kasimama nyuma yao anatabasamu.

Hayo ndiyo yaliyotoka magazetini. Yaliyofichwa yalikuwa katika itifaki ya siri. Humo Finland, Estonia, Latvia na Bessarabia ziliwekwa upande wa Stalin, na Lithuania upande wa Hitler. Poland ilipasuliwa katikati kwa kufuata mito ya Narew, Vistula na San. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Septemba, wakabadilishana kama watu wa mnadani: Stalin akachukua Lithuania, Hitler akaongezewa Lublin. Wenye nchi hakuulizwa hata mmoja. (Sisi ambao mipaka yetu ilichorwa na watu wa mbali hatuna haja ya kufafanuliwa hapo.)

Hitler aliivamia Poland tarehe 1 Septemba. Jeshi la Stalin likaingia kutoka mashariki tarehe 17.

Sasa, wapo wenzetu, hasa waliosoma Moscow enzi zile, wanaosema Stalin alikuwa ananunua muda tu. Hoja hiyo ina uzito, na nawafundisha wanafunzi wangu hivyo. Mwaka 1938 Uingereza na Ufaransa zilikutana na Hitler Munich kuikata Czechoslovakia bila kumwalika Stalin. Agosti 1939, vita ikinukia, zilipeleka ujumbe wa kijeshi Urusi kwa meli ya mwendo wa kobe, na mkuu wake hata hati kamili ya kumruhusu kutia saini hakuwa nayo. Poland nayo ilikataa katakata jeshi la Kisovieti lipite kwake. Na wakati huohuo Stalin alikuwa akipigana na Wajapani kule Khalkhin Gol, Mongolia.

Yote kweli. Lakini hebu niambieni, kununua muda kunahitaji kumkabidhi Hitler Wakomunisti wa Kijerumani waliokimbilia kwako? Margarete Buber-Neumann alivushwa daraja la Brest-Litovsk mapema 1940, kutoka mikononi mwa polisi wa siri wa Stalin hadi kwa Gestapo, akaishia kambi ya Ravensbrück. Kunahitaji kuwapiga risasi Wapoland kama 22,000, wengi wao maofisa na polisi, kule Katyn na kwingineko? Na nafaka na mafuta ya Kisovieti viliendelea kuingia Ujerumani kwa treni hadi usiku ule ule wa Juni 1941 Hitler alipomgeuka.

Bibi yangu wa Tengeru alichukuliwa tarehe 10 Februari 1940, ana miaka tisa. Waligongewa mlango usiku, baridi kali, wakapakiwa mabehewa ya mizigo hadi kaskazini ya Urusi kukata magogo. Nyaraka za NKVD zinataja watu kama laki tatu na ishirini elfu waliohamishwa kwa mikupuo minne. Zamani Wapoland wenyewe walikadiria zaidi sana.

Hitler aliposhambulia tarehe 22 Juni 1941, Stalin akawahitaji marafiki. Julai akapatana na serikali ya Poland iliyokuwa London, na wafungwa wakatangaziwa msamaha. "Tulisamehewa," bibi aliniambia, "mpaka leo sijui kwa kosa gani." Mwaka 1942 zaidi ya laki moja, askari wa Jenerali Anders na raia, walivushwa Bahari ya Kaspi hadi Iran. Raia wengi Waingereza waliwaleta kwetu kwa meli: Tengeru kama 5,000, wengine Kondoa, Ifunda, Kidugala, na Uganda huko Masindi na Koja.

Na kwa nini vita ilipokwisha hawakurudi? Hapa ndipo penye kiini. Tunasema mkataba ulikufa 1941, lakini mstari wake haukufa. Yalta, Februari 1945, Churchill na Roosevelt walikubali Stalin abaki na sehemu kubwa ya ile nusu ya mashariki. Kijiji cha bibi kikawa nchi nyingine. Ndiyo maana kambi ya Tengeru iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya hamsini.

Itifaki yenyewe Moscow iliikana. Wamarekani walipoichapisha 1948 waliambiwa ni ya kughushi. Tarehe 23 Agosti 1989 watu wapatao milioni mbili walishikana mikono kutoka Tallinn hadi Vilnius kudai ukweli, na Desemba Bunge la Kisovieti likakiri. Nakala asilia zikatolewa 1992.

Bibi alikuwa amemzika mdogo wake pale Tengeru. Nilipokwenda likizo nikapiga picha ya kaburi, nikamletea. Aliishika muda mrefu, kisha akaniuliza nani anafagia. Nikamwambia yupo Mmeru mmoja anapatunza.