Gitaa kavu lasikika vizuri kabla ya kompyuta kuwashwa

Anayerekodi gitaa nyumbani Ihanda, wilayani Mbozi, hushindana kwanza na barabara kuu. Malori ya Tunduma hayalali, na mengi yanayoelekea Dar es Salaam yamebeba shaba ya Katanga iliyopitia Zambia.

Huko Katanga ndiko alikotoka mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, akamrekodi akiimba kwa Kiswahili na gitaa kavu moja. Studio haikuwepo. Kilichokuwepo ni mtambo wa kubebeka, maiki, na mtu aliyejua pa kuiweka. Sikiliza "Masanga": kidole gumba kinatembeza besi, cha shahada kinachezea nyuzi nyembamba, na kila kimoja kinasikika mahali pake.

Vijana wetu wenye studio za chumbani hujinyima ili wanunue kompyuta nzuri, kisha wakarekodi kwenye chumba kinachoharibu sauti. Kuta tupu, sakafu ya saruji na bati la juu huirudisha sauti, na maiki hunasa mwangwi wote huo. Dawa yake imo ndani ya nyumba: godoro lisimamishwe nyuma ya mpigaji, blanketi zito litundikwe mbele yake, mkeka utandikwe chini. Mpigaji asikae kwenye kona, maana kona huvimbisha besi. Chagua chumba kilicho mbali na barabara, zima feni na friji. Mvua ikipiga bati, kazi iahirishwe. Hakuna programu itakayoitoa sauti hiyo bila kuliumiza gitaa.

Nyuzi zilizochakaa hutoa sauti butu. Fungeni mpya siku moja kabla, zipate muda wa kutulia. Katika baridi ya Mbozi ya Juni na Julai, liacheni gitaa lizoee joto la chumba kwanza, kisha mlituni upya kila mara kabla ya kurekodi.

Sasa maiki. Wengi huielekeza kwenye tundu la gitaa, wakapata mvumo mzito unaofunika kila kitu. Anza sentimita 20 hadi 30 kutoka pale shingo inapokutana na kisanduku. Vaa hedifoni, mwambie mwenzako apige wimbo mmoja kwa kurudia, nawe uisogeze maiki polepole. Ukielekea shingoni, nyuzi nyembamba zitang'aa na mikwaruzo ya vidole itaongezeka. Ukielekea tundu, besi itajaa. Simama pale gitaa linaposikika kama linavyosikika ukiwa umekaa mbele yake. Mpigaji akiimba pia, maiki moja yaweza kutosha: ipandishe au ishushe mpaka sauti na nyuzi vilingane.

Rekodi kwa biti 24, na mapigo makali kabisa yaishie kama desibeli 10 chini ya kilele. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi ni vigumu mno kuirekebisha baadaye.

Vidole vya Bosco, aliyefariki mwaka 1990, bado tunavisikia kwa sababu kuna mtu aliyejali pa kuweka maiki. Mwenye maiki Ihanda leo amtafute mpigaji aliye jirani yake mikono ikiwa bado na nguvu, amrekodi, na aitunze nakala ghafi kabla ya kuanza kumiksi.