Je, Wajua? Vitabu Vilivyoandikwa Kwenye Karatasi za Chooni

Waandishi wengi hulalamika kwamba hawana muda, meza nzuri wala utulivu. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, hakuwa hata na daftari. Alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijikaratasi chake cha kuikosoa serikali, *Kenya: Twendapi?* Akiwa gerezani alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Naam, tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga!

Miaka michache baadaye mwandishi wa riwaya Ngũgĩ wa Thiong'o naye akatiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, bila kushtakiwa, kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978. Humo aliandika riwaya ya Kigikuyu, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, kwenye karatasi za aina hiyohiyo. Karatasi za gereza zilikuwa ngumu na zenye kukwaruza. Mwili uliteseka, lakini kalamu ilizipenda. Askari waliwahi kufanya upekuzi na kuuchukua mswada, kisha ukarudishwa.

Mshairi hutunzwa na vina na mizani hata akinyang'anywa karatasi, maana shairi hukaa kichwani. Mwandishi wa riwaya hana kinga hiyo. Hata hivyo, riwaya ya Ngũgĩ ilitoka mwaka 1980.